Mchungaji Bodelschwingh na Wagonjwa wa Lutindi

Kijijini kwetu, wilaya ya Korogwe, alikuwako mgonjwa wa akili. Sisi watoto tulimzomea na kumtupia mawe. Jamaa zake wakampeleka Lutindi, akatibiwa. Aliporudi alilima shamba lake, akanisalimu kwa jina langu. Niliona haya, nikatafuta habari za asili ya hospitali ile.

Friedrich von Bodelschwingh alizaliwa Ujerumani mwaka 1831, akawa mchungaji. Mwaka 1869 watoto wake wanne walifariki katika majuma mawili. Msiba huo ulimzidishia huruma. Mwaka 1872 alishika uongozi wa makao ya wagonjwa wa kifafa huko Bielefeld, akawapa matunzo pamoja na kazi walizoziweza, ili wasijione mzigo.

Afrika hakufika. Lakini Wajerumani wenzake walijenga Lutindi, milimani Usambara, mwaka 1896, kwa watoto waliokombolewa utumwani. Mwaka 1904 wagonjwa wa akili wakaanza kupokewa huko. Yeye alifariki mwaka 1910. Lutindi ingali ikitibu.

Wenzangu, akili huugua kama mwili uuguavyo. Mgonjwa hazomewi, hupelekwa hospitali.