Wilhelm Maybach: Yatima aliyetafuta dawa ya magari kuchemsha

WAKATI wa kiangazi, katika barabara ya kutoka Shinyanga kupitia Kahama hadi Geita, si jambo geni kukuta lori limeegeshwa pembeni, boneti imefunguliwa, mvuke unafuka na utingo anahangaika na dumu kutafuta maji. Gari limechemsha. Mwenye nyanya anahesabu hasara, na mwenye gari anaomba Mungu silinda hedi isiwe imepinda.

Tatizo hilo lina umri sawa na gari lenyewe. Mtu aliyefanya kazi kubwa kulipatia dawa ni fundi wa Kijerumani, mtoto wa seremala, aitwaye Wilhelm Maybach.

Maybach alizaliwa Februari 9, 1846 katika mji wa Heilbronn. Alipofikisha umri wa miaka 10 alikuwa amekwisha kufiwa na wazazi wote wawili. Akachukuliwa na kituo cha kulea yatima katika mji wa Reutlingen, ambacho kilikuwa na karakana zake. Humo alijifunza kuchora michoro ya mitambo.

Mwaka 1863 kituo hicho kilipata meneja mpya wa karakana, Gottlieb Daimler, ambaye alikiona kipaji cha kijana huyo. Kuanzia hapo waliandamana kama chanda na pete. Daimler alipohamia Karlsruhe, Maybach alimfuata mwaka 1869. Mwaka 1872 wakaenda pamoja kiwanda cha injini za gesi cha Deutz, na mwaka 1882 wakaanza kazi yao wenyewe Cannstatt, ndani ya kibanda cha bustani nyuma ya nyumba ya Daimler. Huko walitengeneza injini ndogo ya petroli yenye kasi, na mwaka 1885 wakaifunga kwenye chombo cha magurudumu mawili, babu wa pikipiki za leo. Daimler alijua kutafuta mtaji na wateja. Maybach alijua chuma.

Joto linalokula faida

Injini yoyote hupoteza sehemu kubwa ya nguvu ya mafuta kama joto. Lisipoondolewa, pistoni hukwama na injini hunoki. Mafundi wa kwanza walizungushia silinda maji na kuyaacha yachemke hadi yaishe, kisha wakaongeza mengine.

Njia hiyo haijafa. Injini nyingi za dizeli za silinda moja, zinazoendesha makarasha ya wachimbaji wadogo na mashine za kusaga nafaka, bado zina tangi la wazi ambalo maji yake huchemka na kupungua mchana kutwa. Kwa mashine iliyosimama karibu na kisima si tatizo. Kwa gari la safari, maji ni mzigo, na yakiisha porini safari imekwisha.

Maybach alilishughulikia jambo hilo kwa miaka mingi. Katika gari walilolionyesha Paris mwaka 1889, aliyapitisha maji ya injini ndani ya mabomba ya fremu ili yapoe wakati gari likitembea. Mwaka 1897 alikuja na rejeta ya mirija midogo mingi, ambayo hewa ilipita katikati yake.

Daimler alifariki Machi 1900. Mwaka huo huo mfanyabiashara Emil Jellinek aliagiza magari 36 ya aina mpya yenye nguvu zaidi, kwa sharti kwamba yapewe jina la binti yake, Mercedes. Nguvu zaidi maana yake ni joto zaidi. Maybach akabuni rejeta inayofanana na sega la nyuki, yenye mirija 8,070, kila mmoja ukiwa na upana wa milimita 6, na nyuma yake akaweka feni. Maji yaliyohitajika yakapungua kutoka lita 18 hadi 9. Machi 1901 gari hilo liliwashinda wapinzani katika mashindano ya Nice, Ufaransa. Rejeta za leo bado zinafuata mpango huo: maji kidogo, njia nyembamba nyingi na hewa tele.

Jina la Mercedes likaenea duniani. Lakini bila rafiki yake Daimler, Maybach alisukumwa pembeni ndani ya kampuni, na mwaka 1907 akaondoka. Mwaka 1909 alishirikiana na Zeppelin, mtengenezaji wa ndege kubwa za puto, kuanzisha kiwanda cha injini kilichoongozwa na mwanawe Karl. Wilhelm alifariki Desemba 29, 1929, akiwa na miaka 83.

Funzo kwa wenye magari

Themostati haikuwa kazi yake, lakini inakamilisha kazi hiyo. Ni kivalvu chenye nta ndani. Injini ikiwa baridi hufunga njia ya kwenda kwenye rejeta. Joto likifika kati ya nyuzi 80 na 90, nta huvimba na kuifungua. Ikikwama imefungwa, injini huchemka huku rejeta ikiwa bado ya baridi.

Mafundi wengi huing'oa na kuitupa. Gari hutulia kwa muda, lakini injini hukosa joto lake la kazi, hula mafuta zaidi na kusagika mapema. Katika baadhi ya injini maji huzunguka bila kupita vizuri kwenye rejeta, na gari huchemsha vile vile. Kuipima ni rahisi: iweke kwenye sufuria ya maji ya moto. Isipofunguka kabla maji hayajachemka, nunua nyingine.

Shinyanga iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na maji ya wazi huko huchemka kwenye nyuzi takriban 96. Ndiyo maana mfuniko wa rejeta unaobana ni muhimu: hushikilia shinikizo na kuyachelewesha kuchemka. Maji ya kisima yenye chumvi huacha ukoko ndani ya mirija, hivyo kulanti ni bora. Kwa nje, vumbi, pumba na nyuzi za pamba huziba njia ya hewa. Safisha rejeta mara kwa mara. Gari likichemsha, usifungue mfuniko wala kuimwagia injini maji ya baridi kabla haijapoa, kwani silinda hedi inaweza kupasuka.

Gharama ya themostati na mfuniko ni ndogo mno ikilinganishwa na injini iliyonoki na nyanya zilizoozea njiani.