Byron Kawadwa, mtunzi aliyeuawa enzi za Amin

Wadau, huku kwetu Nyakahura ukimtaja Idi Amin wazee wanarukia moja kwa moja vita vya 1978, mambo ya daraja la Kyaka na kadhalika. Mimi leo namleta Mganda mmoja aliyeuawa mwaka mmoja kabla Amin hajatuvamia, Byron Kawadwa.

Jamaa alikuwa mtunzi na mwongozaji wa michezo ya kuigiza. Alitunga kwa Kiganda, siyo Kiingereza cha wasomi wa Makerere, kwa hiyo hata mama wa sokoni alielewa na kucheka. Kundi lake liliitwa Kampala City Players. Miaka ya 1970 akawa mkurugenzi wa jumba la taifa la maonyesho pale Kampala, yaani mtumishi wa serikali hiyohiyo.

Mchezo unaosemekana kumponza ni Oluyimba lwa Wankoko, Wimbo wa Jogoo, muziki wa Wassanyi Serukenya. Wankoko ni mtu mwenye uchu wa madaraka anayeuvuruga ufalme. Sasa kumbukeni, tarehe 24 Mei 1966 Obote alituma jeshi kuvamia ikulu ya Kabaka Mutesa. Kabaka akakimbilia Uingereza, akafia London 1969. Na aliyeongoza uvamizi ule nani? Amin huyohuyo! Alipompindua Obote Januari 1971 ndipo akajifanya rafiki wa Buganda, akairudisha maiti ya Kabaka ikazikwa kwa heshima zote. Kwa hiyo mwanzoni mchezo ungeweza kupita kama wa kumsema Obote tu. Binafsi naona Kawadwa alijua fika kwamba unawagusa wote wawili.

Mwaka 1977 mchezo ukapelekwa Lagos, Nigeria, kwenye FESTAC, tamasha kubwa la sanaa za watu weusi, ukiiwakilisha Uganda. Waliporudi nyumbani, watu wa Amin wakamchukua Kawadwa wakamuua. Ndiyo kipindi kilekile cha Februari alipouawa Askofu Mkuu Janani Luwum.

Mtunzi mwenzake, Robert Serumaga, alikimbia nchi, akajiunga na waliompiga vita Amin, na 1979 akawa waziri katika serikali ya Yusuf Lule. Kawadwa hakufika huko. Jeshi letu lilipoingia Kampala Aprili 1979, yeye alikuwa ameshakufa miaka miwili.