Benjamin Holt: fundi wa magurudumu aliyeyaondoa kwenye trakta

Kila mara barabara inapotengenezwa huku Mashariki mwa Kongo, watoto wanakimbia kuangalia ile masini ya rangi ya manjano yenye kutembea juu ya minyororo ya chuma. Wengi wanaiita Caterpillar, hata kama imetoka kwa kiwanda kingine kabisa. Wachache wanajua kama masini ya namna ile haikuanzia barabarani. Ilianzia ndani ya shamba, ndani ya potopoto, na mtu aliyeifanya ikubaliwe na walimaji alikuwa fundi wa kutengeneza magurudumu ya mbao.

Mtu huyo ni Benjamin Holt. Alizaliwa tarehe 1 Januari 1849 katika jimbo la New Hampshire, upande wa mashariki wa Marekani. Ile ni inchi ya baridi na misitu. Baba yake alikuwa na kazi ya kupasua mbao, na watoto walikomaa ndani ya vumbi la mbao. Kaka yake Charles ndiye aliyetangulia kwenda magharibi, California, ambako alifungua biashara mjini San Francisco: kuuza mbao ngumu na vitu vya kutengenezea magari ya farasi. Wadogo walibaki nyumbani wakimtumia mali.

Sasa shida ikatokea, na ni shida ambayo kila seremala anaijua. Mbao iliyokaushwa kwenye inchi ya unyevu, ukiipeleka kwenye jua kali, inapasuka. Magurudumu yaliyotoka mashariki yalikuwa yanalegea na kufunguka huko California. Ndugu wakaamua kukausha mbao palepale penye joto. Mwaka wa 1883 walianzisha kiwanda cha magurudumu katika mji wa Stockton, na Benjamin, akiwa na miaka 34, akahamia huko kusimamia kazi. Charles alikuwa mtu wa hesabu na feza. Benjamin alikuwa mtu wa nyundo na chuma, mwenye kupenda kushinda kwenye kiwanda kuliko kwenye biro.

Stockton iko katikati ya inchi ya ngano. Mashamba yalikuwa makubwa sana, watu wa kuvuna walikuwa wachache. Ndiyo maana mwaka wa 1886 kiwanda kilitoa masini ya kuvuna na kupura kwa mara moja. Masini hiyo ilivutwa na farasi ao nyumbu 20 na zaidi, wakifungwa pamoja mbele yake. Walimaji wengi walikuwa wanaogopa masini kama hizo juu ya jambo moja: farasi wakishituka na kukimbia, meno ya chuma ya ndani yanavunjika yote, na mavuno yanasimama. Holt aliweka minyororo pahali pa meno mengi. Mnyororo ukikatika, unabadilisha kipande kimoja na kazi inaendelea. Fundi aliyejifunza namna hiyo kufikiri juu ya mnyororo, mtu asishangae alipofika baadaye.

Mwaka wa 1890 alitoa trakta yake ya kwanza ya moto na mvuke, yenye uzito wa tani zaidi ya 20. Ilikuwa na faida ya wazi. Farasi wanakula kila siku, hata siku ambayo hawafanyi kazi, na sehemu kubwa ya shamba inalimwa ili wao wale. Trakta ikizimwa, hailambi hata jani moja. Lakini tani 20 juu ya magurudumu ya chuma ni mzigo ambao udongo laini hauwezi kubeba.

Na udongo laini ulikuwa karibu kabisa. Magharibi ya Stockton kuna pahali mito miwili, Sacramento na San Joaquin, inakutana na kugawanyika kuwa vijito vingi. Zamani pale palikuwa ziwa la matete. Matete yalikufa na kuoza kwa miaka maelfu, yakafanya udongo mweusi, mwepesi kama sponji, wenye rutuba isiyo ya kawaida. Wachina waliokuja kutafuta maisha California walijenga kuta za udongo kuzuia maji, wakati mwingine kwa mikono na beleshi tu, na visiwa vile vikaanza kulimwa. Mwenye amewahi kulima kwenye mabonde ya maji ya Kabare ao kwenye upande wa chini wa uwanda wa Ruzizi wakati wa mvua anaweza kuelewa haraka hali ilivyokuwa. Farasi walikuwa wanavalishwa viatu vipana ili wasizame. Watu walitembea bila shida, farasi kwa shida, na trakta ilizama mpaka tumbo.

Dawa ya kwanza ambayo Holt alijaribu ilikuwa ya fundi wa magurudumu: kuongeza upana. Gurudumu likiwa pana, uzito unagawanyika. Akaongeza, akaongeza tena, magurudumu matatu kila upande, mpaka trakta moja ikafika upana wa karibu metre 14. Masini ya upana ule hakuna daraja ingeweza kupita, hakuna njia, na kuikunja kwenye kona ilikuwa vita. Kwa kweli ni hapo mtu anaona kama alikuwa amefika mwisho wa kile magurudumu yanaweza kutoa.

Wazo la kuifanya trakta itembee na njia yake yenyewe lilikuwa limeshajaribiwa na wengine, na haingekuwa haki kusema kama Holt alilitunga peke yake. Katika jimbo la Maine, Alvin Lombard alipewa cheti cha uvumbuzi mwaka wa 1901 kwa masini ya minyororo yenye kuvuta miti juu ya theluji. Uingereza kulikuwa na kampuni ya Hornsby yenye kufanya kazi juu ya jambo hilohilo, na baadaye Holt alinunua haki zake. Kazi ya Holt ilikuwa ingine: kuifanya iingie shambani, ilime, na mlimaji akubali kutoa feza yake.

Tarehe 24 Novemba 1904, katika kisiwa cha Roberts karibu na Stockton, alileta trakta yake moja ya mvuke, namba 77. Magurudumu ya nyuma yalikuwa yameondolewa. Pahali pake paliwekwa minyororo miwili yenye vipande vya mbao vilivyofungwa kwa bolti, kila mmoja na urefu wa zaidi ya metre 2 na nusu. Ikavuta jembe ndani ya udongo ule ambao farasi walikuwa wanazama. Ikapita.

Siri haikuwa nguvu ya moteri; nguvu ilikuwa ileile. Siri ni kwamba uzito wote, pahali pa kukaa juu ya mistari miembamba chini ya magurudumu, ulitandazwa juu ya eneo kubwa, kama mtu anayelala juu ya potopoto badala ya kusimama kwa kisigino. Na kwa sababu eneo kubwa lilishika udongo, trakta haikuteleza mahali pamoja ikichimba kaburi lake.

Inasemekana kama mpiga picha wa mjini, Charles Clements, aliyeitwa kupiga picha ya masini hiyo, aliona mnyororo ukipanda na kushuka akasema inatambaa kama kiwavi. Jina la kiwavi kwa Kiingereza ni caterpillar. Holt alilipenda, na mwaka wa 1910 lilisajiliwa kuwa jina la mali yake.

Trakta za kwanza za mvuke zenye minyororo ziliuzwa kwa dola 5,500 kila moja. Wakati ule hiyo ilikuwa feza ya wenye mashamba makubwa peke yao. Mlimaji mdogo aliangalia tu. Kisha Holt akaacha mvuke akaingia kwenye moteri ya esansi, yenye uzito mdogo na isiyodai maji na kuni kutwa nzima. Hapo ndipo masini ilipopata shule yake ngumu.

Mji wa Los Angeles ulikuwa unajenga mfereji mrefu wa kuleta maji kutoka milimani kupitia jangwa la Mojave. Kuanzia 1908 mji ulinunua trakta 28 za Holt ili zivute mizigo. Lakini mchanga si potopoto. Mchanga uliingia kila kiungo cha mnyororo, ukasaga pini na vipande vya chuma, na gharama za kutengeneza zikapanda mpaka wakubwa wa kazi wakarudilia nyumbu. Kwa upande wa biashara ilikuwa aibu. Kwa upande wa ufundi ilikuwa bahati, maana mafundi wa Holt walipeleka kiwandani kila kipande kilichovunjika, wakabadilisha chuma na namna ya kuunganisha.

Jambo hilo la Mojave halijaisha mpaka leo. Mnyororo una viungo vingi, na kila kiungo kinasagika. Gurudumu lina kiungo kimoja tu katikati. Mwenye trakta ya minyororo anapaswa kuwa na fundi karibu, vipande vya kubadilisha karibu, na feza ya vyote viwili. Trakta ile inatembea polepole, inaharibu barabara ya lami ikipita juu yake, kwa hiyo kutoka shamba moja kwenda lingine inabebwa juu ya kamiyo. Ikikata kona kwa nguvu, inakwangua udongo na kuusukuma pembeni. Lakini kwenye shamba kubwa lenye udongo laini, kwenye kung'oa visiki, kwenye kuvuta jembe zito, hakuna gurudumu lililoishinda, na udongo unabaki bila kukandamizwa sana, mizizi inapata hewa. Kwa familia yenye vipande vitatu vya shamba kwenye mteremko wa Walungu ao Masisi, hesabu yake haitoki, hata leo.

Kampuni ilikuwa inakua. Holt alikuwa amepigana kortini na jirani yake Daniel Best, mtengenezaji mwingine wa trakta, na mwaka wa 1908 akanunua kiwanda chake. Karibu 1910 alifungua kiwanda cha pili mbali upande wa mashariki, Peoria, jimbo la Illinois, chini ya uongozi wa mtoto wa ndugu yake, Pliny Holt. Lakini mtoto wa Best, ambaye alianza kufanya kazi ndani ya nyumba ya Holt, alitoka akajenga kampuni yake mwenyewe, na akawa mshindani mkali zaidi kuliko baba.

Halafu vita vya 1914 vikaanza Ulaya. Uwanja wa vita kule Ufaransa ulikuwa potopoto tupu, na majeshi yalikuwa na mizinga mizito ya kuvuta. Trakta za Holt zilinunuliwa na Waingereza, Wafaransa, na wengine. Hesabu yao ilifika karibu 10,000 mpaka mwisho wa vita. Ofisa mwingereza Ernest Swinton alisema wazo la kifaru lilimjia kutokana na habari za trakta hiyo, na Aprili 1918 alifika Stockton kushukuru mbele ya wafanyakazi. Kumbe vifaru vya Uingereza vilitumia minyororo ya ufundi mwingine. Wafaransa na Wajerumani ndio walioanzia kwenye ile ya Holt. Hivi, chombo kilichotengenezwa kulimia viazi na maharagi kikazaa chombo cha kuua.

Vita vikaisha Novemba 1918, na biashara ya vita ikaisha siku ileile. Holt alikuwa na viwanda vilivyopangwa kwa trakta kubwa za jeshi, na madeni ya benki. Mlimaji wa kawaida alikuwa anataka trakta ndogo ya bei nafuu, na Best mdogo alikuwa naye, pia Henry Ford na trakta yake ya magurudumu, Fordson. Katika shida hiyo Benjamin Holt alikufa, mjini Stockton, tarehe 5 Desemba 1920, akiwa na miaka 71. Miaka 5 baadaye, mwaka wa 1925, kampuni yake na ya Best zikaungana kuwa Caterpillar. Hakuona hata masini moja ya rangi ya manjano: rangi hiyo ilikuja 1931, mwaka uleule kampuni ilipotoa trakta yake ya kwanza ya mazutu.

Shambani, magurudumu yalirudi. Kuanzia 1932 trakta zilianza kuuzwa na mipira yenye hewa, laini, ya haraka, yenye kupita barabarani, na walimaji wengi wakaacha minyororo kwa wajenzi wa barabara na wachimbaji wa madini. Tangu miaka ya 1980 mnyororo ulirudi kwenye mashamba makubwa, ukiwa wa mpira.

Na visiwa vya Stockton? Udongo ule mweusi ulikuwa umeokolewa na maji yenyewe. Ulipokaushwa na kulimwa, mwaka kwa mwaka, ulikutana na hewa ukaoza, mwingine ukachomwa, mwingine ukapeperushwa na upepo. Trakta ya Holt haikuanzisha jambo hilo, lakini iliongeza mwendo wake. Leo visiwa vingi viko chini ya usawa wa bahari, vingine kwa metre 5 na zaidi, mto ukipita juu kuliko vichwa vya walimaji, nyuma ya ukuta wa udongo. Pompe zinavuta maji usiku na mchana ili mashamba yasirudi kuwa ziwa.