Ibn Sina: tabibu aliyeuawa na haraka ya kupona



Hivi karibuni tulifika Dutumi, huko Kibaha mkoani Pwani, na baada ya swala ya Ijumaa tukaketi barazani kuzungumza na wenyeji. Mama mmoja wa makamo alikuwa amejifunga kichwa kwa kipande cha kanga, amekikaza sawasawa. Alitueleza kuwa kichwa humuuma tangu alfajiri hadi usiku, mwezi huingia na mwezi hutoka, na kwamba asipomeza vidonge viwili vya maumivu hawezi kuinua jembe. Ameumikwa, amefukizwa, amesomewa, na vidonge amevimeza kila siku kwa zaidi ya mwaka. Maumivu hayajamwacha.

Kisa chake kilitukumbusha tabibu mmoja mashuhuri aliyefariki karibu miaka elfu moja iliyopita. Tumeona vyema leo tuyasimulie maisha yake, kwani ndani yake mna mazingatio kwa mama yule na kwa wengi wetu.

Abu Ali al-Husayn bin Abdallah, maarufu kwa jina la Ibn Sina, alizaliwa mwaka 370 Hijria, sawa na 980 Miladia, katika kijiji cha Afshana karibu na Bukhara, ambayo leo imo nchini Uzbekistan. Alipofikia umri wa miaka 10 alikuwa amekwisha kuihifadhi Qur'ani. Akasoma fiqhi, hesabu, mantiki na falsafa, kisha akaingia katika utabibu, na hata kabla ya kutimiza miaka 18 matabibu wakubwa kwa umri walikuwa wakija kusoma kwake. Alipotatizwa na mas-ala mazito, alikwenda msikitini akaswali na kumwomba Mola wake amfungulie. Amiri wa Bukhara, Nuh bin Mansur, alipougua, kijana huyu aliitwa kushiriki katika kumtibu, na ujira alioutaka ni ruhusa ya kuingia katika maktaba ya amiri.

Baada ya hapo hakupata utulivu. Baba yake alifariki, dola iliyowalea ikaanguka, naye akahama mji hadi mji. Alipokuwa Jurjan, karibu na Bahari ya Kaspi, alianza kuandika Al-Qanun fi al-Tibb, kitabu chake kikubwa cha utabibu, na hapo ndipo alipoandamana naye mwanafunzi wake Abu Ubayd al-Juzjani, ambaye ndiye aliyetuhifadhia habari zake. Mjini Hamadan akafanywa waziri, askari wakamwasi na kuipora nyumba yake, akajificha siku 40 hadi amiri alipougua tena na kumhitaji. Baadaye alifungwa ngomeni miezi minne, na humo gerezani hakuacha kuandika.

Al-Qanun ni vitabu vitano. Cha tatu kinaeleza maradhi ya viungo kimoja kimoja, tangu kichwani hadi miguuni. Humo Ibn Sina alitenganisha maumivu ya upande mmoja wa kichwa, yaitwayo shaqiqa, na maumivu ya kudumu yanayokifunika kichwa chote mithili ya kofia ya chuma ya askari. Alieleza kuwa mwenye maradhi haya huchochewa na sababu ndogo kabisa, huchukia kelele na mwangaza, hukimbia mazungumzo ya watu, na hupenda giza, upweke na kulala. Mwenye kuugua kichwa kila siku akiisikia sifa hiyo atadhani imeandikwa kwa ajili yake.

Yeye mwenyewe pia aliugua kichwa. Al-Juzjani anasimulia kuwa siku moja kilimshika kwa nguvu hata akahofia uvimbe ndani ya fuvu. Akaagiza barafu nyingi, ikapondwa, ikafungwa katika kitambaa, akajifunika nayo kichwani mpaka akapata nafuu.

Lakini ndugu msomaji, mazingatio makubwa yamo katika mwisho wake. Akiwa safarini na jeshi la amiri wa Isfahan alishikwa na msokoto wa tumbo. Alihofu jeshi likishindwa na kurudi nyuma, yeye ataachwa njiani. Kwa haraka ya kutaka kupona, akajipiga bomba la dawa mara nane kwa siku moja, hata matumbo yakapata vidonda. Tabibu aliyemhudumia akazidisha kipimo cha mbegu alizoziagiza, na mtumishi akatia afyuni nyingi katika dawa nyingine. Hakurejea katika afya yake. Alipoona nguvu zimekwisha aliacha kujitibu, akatoa sadaka kwa mafakiri, akawaacha huru watumwa wake na akashughulika na Qur'ani. Alifariki Hamadan mwezi wa Ramadhani mwaka 428 Hijria, yaani 1037, bila kufikisha miaka 60.

Hatusemi kuwa hakuwa na kasoro. Imamu al-Ghazali aliyapinga vikali baadhi ya maoni yake ya falsafa. Lakini katika utabibu Al-Qanun kilisomeshwa Ulaya kwa karne kadhaa.

Sasa tumrejee mama wa Dutumi. Matabibu wa zama zetu wanasema kichwa kikiuma siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi mitatu, hayo ni maumivu sugu. Miongoni mwa sababu zake ni dawa yenyewe. Anayemeza panadol siku 15 au zaidi kila mwezi, au dawa za mchanganyiko siku 10 au zaidi, kwa zaidi ya miezi mitatu, huenda kichwa chake kikazoea, na kila dawa inapokwisha mwilini maumivu hurudi. Hapo kidonge hutuliza saa chache na kuzaa maumivu ya kesho. Tiba ni kuiacha kwa uongozi wa daktari, na siku za mwanzo maumivu yaweza kuzidi kabla ya kupungua. Daktari aweza kutoa dawa ya kinga, kama vile amitriptilini kwa kipimo kidogo usiku. Mgonjwa naye aandike siku zinapouma na alichomeza, alale kwa wakati, anywe maji na asikose chakula.

Lakini kichwa kilichoanza ghafla kwa nguvu kama radi, au chenye homa na shingo kukakamaa, kupooza, ulimi kuwa mzito, macho kupoteza nuru, au kilichofuata pigo, hakingojewi. Mjamzito, na aliyevuka miaka 50 akaanza kuumwa kichwa kisicho cha kawaida yake, nao waharakishe kupimwa.

Tulimnasihi mama yule aende zahanati akapimwe presha na malaria, na ikilazimu afike Tumbi, akiwa na vidonge vyake mkononi ili daktari avione. Alituuliza shamba atamwachia nani. Swali lake ni la haki, na wanawe waliokuwapo barazani walilisikia. Nasi tukamsimulia habari za Ibn Sina, ambaye naye alihofia kuachwa njiani.

Wabillahi tawfiq.