Maisha ya Dakta Mohammad Mosaddegh

Katika kurasa hizi tumekwisha kusoma habari za wafalme na majemadari wengi. Leo napenda kuwaletea maisha ya mzee mmoja wa Uajemi, nchi ambayo sasa yaitwa Iran. Mwili wake ulikuwa dhaifu, hata mara nyingi alipokea wageni wake akiwa kitandani. Lakini alishindana na dola kubwa kwa ajili ya mafuta ya nchi yake. Nimemchagua kwa sababu naona habari zake zatufaa sisi tunaosoma, hasa wale wanaotamani kushika kazi za serikali.

Mohammad Mosaddegh alizaliwa mwaka 1882. Baba yake alikuwa mkubwa wa hazina, na mama yake alitoka katika ukoo wa wafalme wa Qajar. Kabla hajatimiza miaka 20 alipewa kazi ya kuangalia hesabu za kodi katika jimbo la Khorasan. Baadaye alikwenda kusoma Ufaransa na Uswisi, akapata udaktari wa sheria huko Neuchâtel. Mwaka 1925, Bunge lilipotaka kumtawaza Reza Khan, yeye alikuwa mmoja wa wachache waliosimama kupinga. Kwa msimamo huo alikaa miaka mingi nje ya siasa, na mwaka 1940 alitiwa kifungoni.

Sasa sharti nieleze habari ya mafuta yenyewe. Mwaka 1901 mfalme wa Uajemi alimpa William Knox D'Arcy ruhusa ya kutafuta mafuta kwa muda wa miaka 60. Yalipatikana Masjed Soleyman mwaka 1908, ikaundwa kampuni. Na mwaka 1914 serikali ya Uingereza ilinunua sehemu kubwa ya hisa zake, kwa kuwa manowari zake zilikuwa zikiacha makaa na kutumia mafuta. Huko Abadan kilijengwa kiwanda cha kusafishia mafuta, kikawa kikubwa kupita vyote duniani. Lakini serikali ya Uingereza ilipata kodi nyingi kutoka kwa kampuni hiyo kuliko fedha walizopata wenye nchi, na Waajemi hawakuruhusiwa kukagua vitabu vya hesabu. Wahenga walisema kweli: mali bila daftari hupotea bila habari.

Urusi nayo ilitamani mafuta ya kaskazini. Mwaka 1941 majeshi ya Urusi na Uingereza yaliingia Uajemi, Reza Shah akaondolewa na mwanawe Mohammad Reza akashika kiti. Yule mfalme mzee aliletwa Mauritius, kisha akahamishiwa Johannesburg, na huko ndiko alikofia mwaka 1944. Mwaka uo huo Mosaddegh alipitisha sheria Bungeni kuwakataza mawaziri kuzungumza na wageni habari ya kuwapa mafuta. Basi twaona ya kuwa hakuwa kibaraka wa mtu, wala wa mashariki wala wa magharibi.

Mwezi wa Machi 1951 Bunge liliamua mafuta yawe mali ya taifa, na mwezi uliofuata Mosaddegh akawa Waziri Mkuu. Waingereza walizuia mafuta yale yasipate mnunuzi, nchi ikaingia katika dhiki. Yeye alikwenda New York kutetea shauri lake mbele ya Baraza la Usalama. Mwezi wa Julai 1952 Mahakama ya Kimataifa huko The Hague ilisema haina uwezo wa kuhukumu kesi ile, na jaji Mwingereza mwenyewe alikubaliana na neno hilo.

Walioshindwa kwa sheria wakageukia siri. Mosaddegh alikuwa amefunga ubalozi wa Uingereza mwezi wa Oktoba 1952, kwa hiyo Waingereza waliwaendea Wamarekani na kuwatia hofu kwamba Wakomunisti wataitwaa nchi. Mwaka 1953 Rais Eisenhower alikubali. Aliyetumwa kuongoza kazi hiyo ni Kermit Roosevelt, ambaye babu yake Theodore na baba yake walishuka Mombasa mwaka 1909 kuwinda wanyama. Fedha ziligawanywa kwa waandishi wa magazeti, wabunge na wahuni wa mjini. Usiku wa tarehe 15 Agosti jaribio la kwanza lilishindwa, Shah akakimbilia Baghdad, kisha Rome. Lakini tarehe 19 makundi ya watu na vifaru viliishambulia nyumba ya Waziri Mkuu, na Jenerali Zahedi akashika mahali pake.

Mosaddegh alihukumiwa na mahakama ya kijeshi kifungo cha miaka 3, kisha akazuiliwa kijijini kwake Ahmadabad mpaka alipofariki tarehe 5 Machi 1967. Mwaka 1954 mafuta yaligawanywa tena: kampuni ya Waingereza ilipata sehemu 40 katika mia, na kampuni za Marekani nazo 40.

Sisemi kwamba mzee huyu hakuwa na kosa. Mwezi ule ule wa Agosti alilivunja Bunge kwa kura ya watu ambamo waliokubali na waliokataa walipigia mahali mbalimbali, kila mtu akionekana; na marafiki wengi walikuwa wamekwisha kumwacha. Mtu wa sheria akipinda sheria, huwapa adui zake njia.

Hata hivyo, ushindi wa siri haukudumu. Shah aliondolewa na mapinduzi mwaka 1979, na chuki kwa Marekani iliyozaliwa mwaka 1953 ilikuwa bado hai mioyoni. Mwaka 2013 idara ya ujasusi ya Marekani ilitoa hati zilizokiri kwamba kazi ile ilikuwa yake. Nami nadhani fundisho lake ni hili: nchi yenye mali ardhini yahitaji watoto wanaojua hesabu na sheria, lakini yahitaji zaidi watu wasionunulika. Bahasha zile zisingalikuwa na nguvu kama zisingalipata mikono ya kuzipokea.