Robert Louis Stevenson na Punda Wake Katika Milima ya Cévennes

Wengi waliosoma Kiswahili shuleni hapo zamani walilijua jina la Robert Louis Stevenson kwa ajili ya hadithi moja, yaani Kisiwa Chenye Hazina, iliyofasiriwa kwa lugha yetu kabla ya Vita Kuu ya Pili. Lakini kabla hajaandika habari za maharamia na dhahabu, mtu huyo alifanya safari ndogo ya siku 12 katika milima maskini ya Ufaransa, mahali ambapo wasafiri wa siku zile hawakuwa na hamu ya kwenda. Leo tunapenda kuwaeleza wasomaji wetu, hasa ndugu zetu askari wa jeshi na wa polisi, maisha ya mtu huyo na mambo aliyoyakuta huko. Milima ile ilikuwa imepigwa vita miaka 176 kabla yake, na vita hivyo vina mafunzo kwa kila achukuaye silaha kwa niaba ya serikali.

KUZALIWA NA UJANA WAKE

Stevenson alizaliwa tarehe 13 Novemba, 1850, katika mji wa Edinburgh, Uskochi. Jamaa zake walikuwa mafundi mashuhuri wa kujenga minara ya taa za bahari. Babu yake ndiye aliyejenga mnara wa Bell Rock, uliowashwa taa mwaka 1811 juu ya mwamba ambao hufunikwa na maji kila bahari inapojaa. Baba yake alitazamia kwamba kijana naye angeishika kazi hiyo, lakini Mungu hakumjalia afya. Tangu utotoni alisumbuliwa na kifua, akashinda kitandani siku nyingi, huku yaya wake akimsimulia habari za Waskochi wa zamani walioteswa na wafalme kwa ajili ya dini yao. Masimulizi hayo yalimkaa moyoni, na tutaona mbele jinsi yalivyomfaa.

Alisoma uhandisi, akauacha. Akasoma sheria, akakubaliwa kuwa wakili mwaka 1875, lakini uwakili hakuufanya. Moyo wake ulikuwa katika kuandika na kutembea. Mwaka ule ule alipokuwa akitembea kwa miguu mashambani mwa Ufaransa, alikamatwa na polisi wa mji mdogo. Nguo zake zilikuwa chakavu, hati ya safari hakuwa nayo, na katika mkoba wake mlikuwa na ramani na karatasi zilizoandikwa. Wafaransa walikuwa wametoka kushindwa na Wajerumani miaka minne tu iliyopita, kwa hiyo walimdhania mpelelezi, wakamtia katika chumba cha chini ya ardhi. Aliokolewa na rafikiye Walter Simpson, aliyefika baadaye akiwa amevaa vizuri na hati zake zimekamilika. Sisi tunaona kwamba polisi wale hawakukosa kumshuku mgeni, maana huo ulikuwa wajibu wao. Kosa lao lilikuwa kuyapima maneno ya mtu kwa koti lake.

SABABU YA SAFARI

Mwaka 1876 Stevenson alikutana huko Ufaransa na mwanamke wa Kimarekani, Fanny Osbourne, aliyemzidi umri kwa miaka kumi. Mama huyo alikuwa na mume na watoto, lakini ndoa yake ilikuwa imeharibika. Wakapendana. Mwezi Agosti, 1878, Fanny alirudi Kalifornia, na Stevenson akabaki bila kujua kama atamwona tena. Fedha alikuwa nazo kidogo, afya haba, na moyo mzito. Hapo ndipo alipokwenda Le Monastier, mji mdogo wa nyanda za juu karibu na Le Puy, akakaa huko karibu mwezi mzima.

Angeweza kwenda Paris au pwani ya kusini, ambako matajiri wa Ulaya walikuwa wakipumzika. Yeye alichagua nchi ya baridi, mawe na mashamba hafifu, ambayo wanawake wake walijipatia riziki kwa kufuma utepe wa nguo, na wanaume wakagawanyika katika vyama vinne vya siasa vilivyochukiana ndani ya mji huo mmoja. Watu walimwona kama kichaa alipowaambia kwamba anataka kuvuka milima ya Cévennes kwa miguu majira ya baridi yakikaribia.

MATAYARISHO NA MZIGO

Askari atayaelewa matayarisho yake. Stevenson hakutaka hema, kwa sababu hema huonekana na kila mpita njia, nalo lina kazi nyingi kulisimamisha. Badala yake alishonesha mfuko wa kulalia, nje turubai ya kijani isiyopenya maji, ndani manyoya ya kondoo. Mchana ulikuwa mkoba wa vitu vyake, usiku ukawa kitanda. Alichukua bastola, taa, mishumaa, jiko dogo la spiriti, kisu, nguo za kubadili, nyama ya kondoo, soseji na chokoleti. Mzigo huo ulimshinda kuubeba, akamnunua punda jike mdogo kwa faranga 65 na bilauri ya pombe kali. Alimwita Modestine.

Tarehe 22 Septemba, 1878, akaondoka. Kabla hajafika mbali akatambua kwamba kupanga safari na kusafiri ni mambo mawili. Punda alitembea polepole kuliko mtu anayefuata jeneza, mzigo ukapinduka njiani mbele ya watu waliocheka, na chakula kingine akalazimika kukitupa. Mwenye nyumba ya wageni mmoja alimtengenezea fimbo yenye ncha ya chuma kama sindano, na tangu hapo punda akaenda. Stevenson hakuficha katika kitabu chake kwamba alimtesa mnyama yule, wala kwamba alimpiga huku moyo wake ukimsuta.

Siku chache baadaye akashikwa na usiku wa mvua karibu na kijiji cha Fouzilhac. Alibisha mlangoni, akamwomba mzee mwenye nyumba amwonyeshe njia, akaahidi kumlipa. Mtu yule alikataa kuvuka kizingiti chake gizani. Nchi hiyo ilikuwa sehemu ya Gévaudan, ambako kati ya 1764 na 1767 mnyama mkali wa namna ya mbwamwitu aliwaua watu wengi, wengi wao wanawake na watoto waliochunga mifugo, hata mfalme akatuma askari na wawindaji. Zaidi ya miaka mia moja ilikuwa imepita, na bado wanakijiji waliogopa usiku. Stevenson alilala msituni ndani ya mfuko wake, akaamka salama.

Kutoka hapo alifika kwenye nyumba ya watawa wa Kikatoliki ya Notre-Dame-des-Neiges, ambao walikuwa na kanuni ya kunyamaza. Walimpokea kwa ukarimu, ingawa yeye alikuwa Mprotestanti. Lakini padre mmoja na afisa mmoja wa jeshi mstaafu, waliokuwa wageni hapo kama yeye, walipojua dini yake walimkalia kooni ili aiache. Alikasirika, lakini hakuvunja heshima. Usiku mwingine alilala juu ya mlima Lozère, kati ya misonobari, chini ya nyota. Asubuhi alitawanya sarafu juu ya majani, kuwa malipo ya malazi aliyopewa bure na nchi.

NCHI ILIYOCHOMWA MOTO

Alipoushuka mlima huo aliingia nchi nyingine kabisa. Hapa wenyeji walikuwa Waprotestanti, na hapa ndipo vilipopiganwa vita vya Wakamisadi. Habari zake ni hizi.

Mwaka 1685 Mfalme Louis wa 14 alifuta amri iliyowapa Waprotestanti wa Ufaransa uhuru wa kuabudu. Makanisa yao yakabomolewa, wachungaji wakafukuzwa, na askari wakapangishwa katika nyumba za raia ili kuwalazimisha wabadili dini. Huko Cévennes mkuu wa kazi hiyo alikuwa padre du Chayla, aliyeigeuza nyumba yake katika kijiji cha Le Pont-de-Montvert kuwa gereza na mahali pa mateso. Usiku wa tarehe 24 Julai, 1702, kundi la wanaume wa milimani liliivamia nyumba hiyo, likawatoa wafungwa na kumwua padre. Kiongozi wao, Esprit Séguier, alikamatwa na kuchomwa moto hadharani mwezi uliofuata. Serikali ilidhani mambo yamekwisha. Kumbe ndiyo kwanza yanaanza.

Waasi hawakuwa na jeshi la kawaida. Walikuwa wakulima, wachungaji wa kondoo na wachana sufu. Kamanda wao hodari, Jean Cavalier, alikuwa mfanyakazi wa mwoka mikate, kijana wa miaka kama 20. Walificha nafaka, nguo na silaha katika mapango. Walifua singe na panga wenyewe. Baruti waliitengeneza kwa shura na makaa ya miti. Majeruhi wao waliuguzwa mapangoni na wanawake wa vijiji. Kila kijiji kilikuwa ghala lao, na kila mchungaji alikuwa jicho lao. Nao pia walichoma makanisa na kuwaua Wakatoliki wasio na hatia. Ukatili haukuwa wa upande mmoja.

Wakuu wa jeshi la mfalme waliposhindwa kuwapata wapiganaji, waliamua kuiangamiza nchi iliyowalisha. Katika miezi ya mwisho ya mwaka 1703 vijiji na vitongoji 466 viliangamizwa kwa amri, na wenyeji wakahamishwa. Matokeo yake yakawa kinyume cha matumaini, kwa kuwa vijana waliopoteza nyumba hawakuwa na mahali pa kwenda ila msituni. Vita vilipungua mwaka 1704, alipokuja Jemadari Villars, ambaye pamoja na upanga alileta msamaha na mazungumzo. Cavalier akakubaliana naye. Baadaye akaingia jeshi la Uingereza, akapanda cheo hata kuwa jenerali. Wengine waliendelea kidogo, lakini nguvu ya uasi ilikuwa imekatika. Uhuru wa dini wenyewe ulianza kurudishwa kwa amri ya 1787.

Stevenson alipita humo akiwa na masimulizi ya yaya wake moyoni, akajiona kama yupo kwao Uskochi. Alikuta wenyeji wakijua majina ya wapiganaji na mahali pa kila pambano, kana kwamba yalikuwa mambo ya juzi. Hata hivyo, katika mji wa Florac alikuta Wakatoliki na Waprotestanti wakichanganyika bila chuki. Wahenga husema kwamba mwenye kovu usidhani kapoa. Lakini watu wa Cévennes walionyesha kwamba kovu laweza kukumbukwa bila kulipiza, ikiwa haki imerudi.

MWISHO WA SAFARI

Tarehe 3 Oktoba alifika Saint-Jean-du-Gard, baada ya mwendo wa karibu kilomita 200. Punda alikuwa amechoka na hawezi kuendelea, akamwuza kwa faranga 35 pamoja na tandiko. Alifurahi kuwa huru, akapanda gari la farasi kuelekea Alès. Ndani ya gari hilo akakumbuka uvumilivu wa mnyama yule, akalia. Kitabu chake cha safari hiyo kilitoka mwaka 1879.

Mwaka huo huo alivuka bahari kumfuata Fanny, akafika Kalifornia karibu kufa. Walioana Mei, 1880. Kisiwa Chenye Hazina kilitoka kama kitabu mwaka 1883, kikampa sifa duniani kote. Kwa kutafuta hewa ya kufaa kifua chake, alihamia visiwa vya Samoa, katika Bahari ya Pasifiki. Huko Ujerumani, Uingereza na Marekani zilikuwa zikigombania utawala, na Stevenson akaandika waziwazi dhidi ya uonevu wa wakuu wa kizungu. Machifu waliomfuata Mataafa waliposhindwa vitani mwaka 1893 na kutiwa gerezani, yeye aliwatembelea na kuwapelekea chakula na tumbako. Walipofunguliwa mwaka 1894, walichimba barabara mpaka nyumbani kwake kwa mikono yao wenyewe, bila malipo, iwe shukrani. Tarehe 3 Desemba mwaka huo alifariki ghafla, akiwa na umri wa miaka 44. Wasamoa walikata njia msituni, wakampandisha begani hadi juu ya mlima Vaea, wakamzika huko.

Njia aliyopita na Modestine leo imewekewa alama kutoka Le Puy hadi Alès, na watu wa mataifa mengi huifuata wakati wa likizo, wengine kwa miguu, wengine na punda wa kukodi. Vijiji ambavyo havikuwa na mgeni sasa hupata riziki kwa ajili ya mgonjwa mmoja aliyekubali kulala nao.

Katika maisha haya sisi twaona jambo moja linalowahusu ndugu zetu wenye sare. Jeshi hupita kijijini kwa siku moja au mbili, likaendelea na safari yake; kijiji hubaki, na hukumbuka. Huko Cévennes wajukuu wa wajukuu waliweza kumwonyesha mgeni nyumba iliyochomwa na pango lililookoa watu. Huko Samoa wafungwa hawakusahau ni nani aliyewaletea chakula. Basi askari apatapo likizo, na apite siku moja kwa miguu katika sehemu za nchi yake asizozijua, bila bunduki na bila haraka, asikilize wazee wa huko wanakumbuka nini juu ya waliovaa sare kabla yake. Atakaporudi kazini, atajua vizuri zaidi ni kumbukumbu ya namna gani anayotaka kuiacha.