John Snow: Daktari aliyetumia orodha ya vifo kuwalinda walio hai

Leo tunaposikia hospitali zinabadilishana taarifa ili kuwatambua wagonjwa walio hatarini zaidi, tunafikiria kompyuta. Lakini kazi hiyo ilifanyika kwa kalamu na karatasi jijini London katika karne ya 19. Tunamwangazia aliyeifanya, daktari John Snow.

Snow alizaliwa mwaka 1813 mjini York, Uingereza, mtoto wa kibarua. Akiwa bado mwanagenzi wa udaktari, aliwahudumia wachimba makaa ya mawe waliougua kipindupindu. Baadaye alihamia London na kuwa bingwa wa dawa za usingizi. Mwaka 1853 alimpa Malkia Victoria klorofomu alipokuwa akijifungua.

Madaktari wengi wakati huo waliamini kipindupindu kinaletwa na hewa chafu. Snow alishuku maji, ila alihitaji ushahidi. Taarifa za waliokufa na mahali walipoishi zilikuwa katika ofisi ya usajili, chini ya mwanatakwimu William Farr. Farr naye aliamini hewa chafu, lakini hakumnyima Snow taarifa hizo.

Mwaka 1854 kipindupindu kilipolipuka Soho, Snow aliomba orodha ya vifo na kwenda kuuliza kwenye nyumba za marehemu. Wengi walikuwa wamekunywa maji ya pampu ya mtaa wa Broad. Septemba 8 mpini wa pampu hiyo uliondolewa, ingawa maambukizi yalikuwa yameshaanza kupungua.

Ushahidi mzito zaidi ulitoka kusini mwa mto Thames, ambako kampuni mbili zilisambaza maji katika mitaa ileile. Kampuni ya Lambeth ilikuwa imehamia kuchota sehemu ya juu ya mto, mbali na majitaka ya jiji. Ile ya Southwark and Vauxhall ilibaki kuchota palepale penye uchafu. Wapangaji wengi hawakujua wanapata maji ya nani, kwa kuwa mwenye nyumba ndiye aliyelipa. Snow akapima chumvi iliyomo katika maji ili kuyatofautisha.

Katika wiki saba za kwanza, nyumba za Southwark and Vauxhall zilipata vifo 315 kwa kila nyumba 10,000. Za Lambeth zilipata 37.

Hapo ndipo tunapoona thamani ya kuunganisha taarifa. Orodha ya vifo peke yake ilionyesha nani amekufa. Ilipowekwa kando ya taarifa za maji, ilionyesha familia zipi zingefuata iwapo hakuna kitakachobadilika.

Snow alifariki mwaka 1858 akiwa na umri wa miaka 45, wengi wakiwa bado hawajamwamini. Mwaka 1866 kipindupindu kilirudi mashariki mwa London. Safari hii Farr mwenyewe alichambua vifo mtaa kwa mtaa, akaifuata njia ya Snow hadi kwenye maji ya kampuni moja.